Tanbihi Isiyosomeka

Wikipedia haimtaki mwandishi wake athibitishe kuwa ni mkweli. Inamtaka aonyeshe alikoyatoa anayoyasema, ili mwenye shaka aende akajionee. Jina lake halina uzito, wala shahada zake. Lakini tuseme chini ya aya kuna tanbihi inayotaja kitabu cha Kirusi na ukurasa wake. Msomaji aliyeko Dodoma anaiona, ila haimfikishi popote. Je, jambo hilo bado linahakikika? Na kama linahakikika, kwa nani?

Jibu la wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza ni kwamba vyanzo vya lugha nyingine vinakubalika, ingawa chanzo cha Kiingereza hutangulizwa pale ubora unapolingana. Mwenye shaka anaweza kudai anukuliwe maneno yenyewe pamoja na tafsiri. Wengi huliona sharti hilo la mwisho kama adabu tu. Mimi naona ndilo linalobeba kanuni nzima. Bila hilo, tanbihi ingekuwa namna nyingine ya kusema "niamini", yaani kitu kilekile ambacho kanuni hiyo inataka kiepukwe.

Mwaka 2022 Wikipedia ya Kichina iligundua madhara ya tanbihi za namna hiyo. Mtumiaji mmoja, kwa takriban miaka kumi, alikuwa ameandika makala zaidi ya 200 kuhusu Urusi ya zamani, zikiwa na vita, watawala na mgodi mkubwa wa fedha huko Kashin ambao haukuwahi kuwepo. Tanbihi zilijaa Kirusi, na wenzake walimheshimu kama msomi. Aliyemfichua ni mwandishi wa riwaya aliyekuwa akitafuta malighafi ya hadithi. Mtumiaji huyo akakiri kwamba hajui Kirusi: alitegemea mashine ya kutafsiri, na palipokuwa na pengo alijaza mwenyewe.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba dawa ni kubaki na vyanzo vya lugha yetu. Sikubali, na sababu yangu ni Kilwa. Tarikhi ya masultani wake imetufikia kwa njia mbili. Moja ni muhtasari wa Kireno wa João de Barros, uliochapishwa mwaka 1552. Nyingine ni maandishi ya Kiarabu, ambayo nakala yake ya karne ya 19 imo British Library, na yalichapishwa na Arthur Strong mwaka 1895. Orodha hizo mbili hazilingani. Makala ya Kiswahili kuhusu Kilwa ikizikwepa zote, itabaki na vitabu vya baadaye, ambamo mara nyingi mtu amekwisha kuamua nani alimrithi nani, na mgongano haumfikii msomaji kabisa. Vitabu vyenyewe, vingi, ni vya Kiingereza, lugha ambayo Nairobi na Dar es Salaam hatuihesabu kuwa ngeni tunapoandika tanbihi.

Kwa hiyo swali la kuhakikika haliishii kwenye kitabu. Kitabu hakihakikiki chenyewe, kama vile mlango usivyofunguka kwa kuwa tu una tundu la ufunguo. Pawepo mtu mwenye ufunguo, naye awe tayari kuja akiitwa. Wikipedia ya Kichina haikukosa Wachina wajuao Kirusi. Iliwakosa waliojiona kuwa na wajibu wa kukitumia kumkagua mwenzao. Heshima ilichukua nafasi ya ukaguzi, na heshima hiyo ilitokana na ugeni wa lugha: kadiri tanbihi ilivyokuwa ngumu kusomeka, ndivyo mwandishi alivyoonekana mjuzi zaidi.

Siku hizi inasemwa kwamba tatizo limekwisha, kwa kuwa kila mwenye simu anaweza kuupiga picha ukurasa wa Kireno na kuusoma kwa Kiswahili papo hapo. Ni nafuu kubwa, na siwezi kuidharau. Ila mwandishi huenda aliifasiri aya kwa mashine hiyohiyo. Mkaguzi anayeifungua kwa mashine ileile atakuta maneno yaleyale, na mashine ikiwa imekosea jina la sultani, kosa lake litahesabiwa kuwa shahidi wa pili.