Imehifadhiwa na Nani?

Majina ya siku zetu yanahesabu. Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, tunakwenda hivyo hadi Jumatano, kisha tunaikuta Alhamisi, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo nalo lina tano ndani yake. Tuna siku za tano mbili katika wiki moja na hakuna anayelalamika. ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe kilichotolewa mwaka 1988, kinaanza wiki Jumatatu, kwa hiyo siku yenye jina la tatu ndiyo inakuwa ya kwanza. Wamarekani wao huanza Jumapili. Programu nyingi za kalenda hukuachia uamue: Google Calendar, kwa mfano, inakupa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Unachagua, unahifadhi, basi.

Ila kuna ile hali ambayo wengi wetu tumekutana nayo. Umechagua, umebonyeza, kijisanduku kimetokea chini ya skrini kikisema "Imehifadhiwa". Kesho unafungua na kila kitu kimerudi kilikokuwa. Fundi atauliza unatumia kivinjari gani. Mimi nina swali jingine: hapo umedanganywa?

Wengi watasema hapana, na nawaelewa. Uongo unahitaji nia, na mashine haina nia. Lakini neno "Imehifadhiwa" halikujiandika. Kuna mtu alikaa mezani akaamua kwamba mtumiaji akibonyeza pale, aambiwe hivyo. Na ameambiwa kwa kauli ya kutendwa, mtenda hatajwi. Imehifadhiwa na nani? Wapi? Mpaka lini? Kwa Kiswahili neno hili lina uzito wake. Mtoto wa madrasa aliyehifadhi sura haisahau akifunga msahafu. Kwenye programu, neno hilohilo linaweza kumaanisha kwamba chaguo lako limeandikwa kwenye akaunti yako, litakufuata hata ukibadili simu; au limeandikwa ndani ya kivinjari cha kompyuta hii moja tu; au limeshikwa kwa muda na litapotea ukifunga dirisha. Mambo matatu tofauti kabisa, na taarifa moja.

Mama yangu mdogo anapika na kupamba shughuli huko Tanga. Kwake wiki ni Jumamosi, maana ndiyo siku ya harusi. Kalenda yake ilikuwa inaanza Jumapili, kwa sababu tu kompyuta ilinunuliwa ikiwa imewekwa Kiingereza cha Marekani. Ukiitazama kalenda ya namna hiyo kwa macho ya mpishi, utaona tatizo: Jumamosi iko mwisho kabisa kulia, na Jumapili inayoifuata imeshuka mstari wa chini, kushoto. Shughuli ya siku mbili imekatwa katikati. Mtu anayehesabu kilo za mchele na idadi ya viti hafurahii kuona hivyo. Alibadilisha, ikarudi. Akabadilisha tena, ikarudi. Nilipomuuliza baadaye inaendeleaje, alijibu, "Aa, mwanangu, tumeshazoea."

Jibu hilo ndilo lililonikera, kuliko hitilafu yenyewe. Jon Elster, mwanafalsafa wa Norway, aliandika kitabu mwaka 1983, *Sour Grapes*, juu ya namna matakwa yetu yanavyojikunja yakafuata kile kinachopatikana. Jina la kitabu linatoka kwenye ngano ya mnyama aliyerukia zabibu, akashindwa kuzifikia, akasema ni chachu. Sisi tunaijua kwa sungura wetu. Lakini sungura alishindwa na urefu wa mti, na mti haukumwambia kwamba matunda tayari ni yake. Mama mdogo aliambiwa amepata, mara kadhaa, na kila mara akakuta hana. Mtu asiyepewa chaguo anaweza kudai apewe. Aliyepewa kwa maneno matupu huanza kudhani kasoro iko kwake. "Labda mimi ndiye sijui kubonyeza," aliniambia, mtu anayeendesha biashara.

Sasa, chanzo chenyewe. Kivinjari kilikuwa kimewekwa kifute kumbukumbu zote kila kinapofungwa. Aliyekiweka hivyo ni fundi wa mtaani kwao, na alikuwa na sababu nzuri: kompyuta ile inatumiwa na wasaidizi wawili na watoto wa jirani, na hakutaka mtu aingie kwenye barua pepe ya mama. Kumbukumbu ambayo ingetunza Jumamosi ndiyo ambayo ingemweka ndani ya akaunti zake muda wote. Siwezi kumlaumu. Alichagua usiri, na mashine ilimtii yeye badala ya mwenye mali.

Utaniambia programu ya kalenda haikuweza kujua kwamba kivinjari kitafuta. Kweli. Lakini ilijua imeandika wapi. "Imehifadhiwa kwenye kivinjari hiki" ni maneno manne. Jirani ukimwachia ufunguo na yeye ana safari, hasemi "usijali" akanyamaza. Anasema, nitamwachia mlinzi. Unajua wa kumfuata. Nami namdai mwandishi wa kile kijisanduku uungwana kiasi hicho tu, na sioni kama ni mwingi.

Fundi aliongeza kalenda kwenye orodha ya tovuti zisizofutwa, dakika chache. Wiki ya mama mdogo sasa inaanza Jumamosi. Baada ya hapo akauliza ni wapi pa kubonyeza ili harusi ya saa nane mchana isomeke saa nane, siyo 2:00. Tulitafuta pamoja. Programu iliuliza kama anataka mfumo wa saa 12 au wa saa 24.