Kuzima Umeme kwa Kuogopa Moto: Nani Abebe Dhara?



Ndugu msomaji, swali ninaloliandikia leo lilitokea kwenye darsa letu hapa Gitega, kati ya Magharibi na Isha. Ndugu mmoja anayesoma uhandisi alitusimulia habari za California, Marekani, ambako shirika la umeme huwazimia watu umeme kwa makusudi siku za ukame na upepo mkali, kwa kuogopa kwamba waya ukianguka kwenye nyasi kavu utachoma misitu na miji. Akatuuliza: je, inajuzu kumdhuru mtu kwa giza la hakika ili kumkinga mwingine na moto wa kudhaniwa? Tulibishana mpaka adhana, na kila mtu akaondoka na jibu lake. Hili ndilo langu.

Kwanza habari yenyewe, maana wengi wetu tuliijua nusu. Tarehe 8 Novemba 2018, kaskazini mwa California, ndoano ya chuma iliyokuwa imelika ilikatika kwenye mnara wa laini ya umeme iliyojengwa karibu miaka 100 kabla. Cheche zikaangukia majani makavu, na upepo ukafanya yaliyobaki. Mji wa Paradise uliteketea karibu wote. Watu 85 walikufa. Shirika la PG&E, lenye laini hiyo, lilikiri mahakamani mwaka 2020 makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Lakini kabla ya kukiri huko, Oktoba 2019, shirika hilohilo lilikuwa limeshaanza kuzima umeme kwa upana ambao wenyeji hawakuwahi kuuona: zaidi ya watu milioni 2 walikaa gizani, wengine siku kadhaa. Chakula kikaoza kwenye mafriji, wenye visima vya pampu wakakosa maji, wagonjwa wanaopumua kwa msaada wa mashine wakahangaikia betri.

Tazama vizuri nani anafanya nini hapo. Aliyeacha ndoano ilike ndiye sasa mlinzi wa watu dhidi ya moto, na ulinzi wake ni kuwazimia. Nitalirudia jambo hili.

Kwetu Burundi hakuna mgao wa kuogopa moto. Umeme wetu hukatwa kwa sababu hautoshi. Tunategemea zaidi maporomoko ya maji: Rwegura, Mugere, Rusizi tunayoshirikiana na majirani. Kiangazi kikija, Juni hadi Septemba, mito hupungua na delestaji huongezeka. Ni kweli kuna nyongeza. Mwaka 2021 ulifunguliwa mtambo wa jua wa Mubuga, si mbali na mji wa Gitega, wa megawati 7.5. Kisha ukaja mradi wa Rusumo kwenye mto Kagera, megawati 80 wanazogawana Burundi, Rwanda na Tanzania, na laini ya kuleta fungu letu inapita Muyinga hadi Gitega. Mimi ni mtoto wa Muyinga ninayesoma Gitega, kwa hiyo laini hiyo na mimi tunashika njia moja, ila yenyewe haisumbuliwi na uhaba wa mafuta.

Sasa, miezi hiyohiyo ya maji kupungua ndiyo miezi ya nyasi kukauka. Anayetoka kijijini anajua: wafugaji huchoma vilima ili majani mapya yaote, na hata mbuga ya Ruvubu upande wa Muyinga hushika moto. Laini mpya inapita juu ya vilima vya namna hiyo, juu ya nyasi na mikaratusi. Kwa hiyo swali la California si la watu wa mbali. Inawezekana kabisa siku moja mhandisi akasema: leo upepo ni mkali, nyasi zimekauka, tuzime laini mpaka kesho. Tutamjibu nini?

Dini yetu ina la kusema hapa, na ni la karibu kuliko nilivyotarajia. Katika Sahih mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imesimuliwa kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na wenyewe wamo ndani. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari yao aliwafundisha masahaba kwamba moto ni adui, na kwamba wauzime wanapokwenda kulala. Katika riwaya ya Jabir (r.a.) sababu imetajwa wazi: panya anaweza kuuburuta utambi wa taa akawaunguza watu wa nyumba. Hiyo ni tahadhari kwa maana yake kamili. Panya hajaja na utambi haujaburutwa, lakini taa inazimwa.

Kwa hiyo anayesema kwamba haijuzu kuzima kwa sababu moto bado haujatokea, hana hoja. Sheria haingoji mtu aungue. Mafuqaha wetu waliridhika na dhana yenye nguvu katika mambo mengi, na kukinga uharibifu wamekutanguliza mbele ya kuleta manufaa.

Lakini soma tena hadithi hiyo. Anayeamrishwa kuzima ni mwenye taa. Anazima taa yake, ndani ya nyumba yake, saa ambayo analala na haihitaji. Faida ni yake, na giza ni lake. Umeme wa waya haufanani na hivyo. Mkono unaozima uko ofisini, na anayekaa gizani yuko kwingine, pengine katikati ya kazi. Na wanazuoni hawakuiacha hadithi ikae bila kuuliza sababu. Imam Nawawi, alipokuwa akiisherehesha Sahih Muslim, alizungumzia kandili zinazotundikwa misikitini na mahali pengine. Aliona kwamba zikiwa zimesalimika na hatari ile, hakuna ubaya kuziacha, kwa kuwa sababu ya katazo imeondoka. Yaani itundike taa mahali panya hafiki, kisha iache iwake.

Hapo ndipo nilipolipata jibu langu. Kuzima ni ruhusa kwa mtu ambaye bado hajaweza kuitundika taa yake vizuri. Mwenye uwezo wa kuitundika akachagua kuzima kila mwaka, huyo amegeuza tahadhari kuwa njia ya kuwabebesha wengine gharama ya uzembe wake. Ndoano ile ya California ilikuwa ya kubadilishwa.

Ndugu zetu waliotetea kuzima walitaja kaida maarufu, kwamba dhara la mtu binafsi hustahamiliwa ili kuondoa dhara la umma. Ni kaida sahihi, imo katika Majalla, sheria zilizokusanywa na dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876. Lakini Majalla hiyohiyo ina mas'ala ya moto wenyewe. Mtaa umeshika moto, mtu akaibomoa nyumba ya jirani ili moto usipite. Ikiwa amebomoa kwa amri ya wenye mamlaka, halipi. Ikiwa amebomoa kwa kujiamulia mwenyewe, analipa, hata kama moto ulisimama hapo kweli. Mimi nilipoisoma nilishangaa kidogo: ameuokoa mtaa mzima, kisha analipishwa? Nadhani hekima yake ni kwamba kumuumiza mmoja kwa ajili ya wengi ni mlango mzito, hauachiwi kila mwenye nyundo. Lazima aamue mwenye dhamana juu ya wote, na yeye naye hukumu zake juu ya raia zimefungwa na maslahi ya raia. Kwa hiyo shirika linalouza umeme, ambalo moto ukitokea litashitakiwa na giza likitokea halishitakiwi, haliwezi kuwa hakimu wa pekee wa lini pana hatari. Litaogopa sana, na litaogopa kwa gharama ya wengine. Kipimo cha upepo na ukavu wa nyasi kiwe wazi, na kisomwe na watu wengine pia.

Kuna kaida nyingine ambayo darsani haikutajwa: dhara haliondolewi kwa dhara la mfano wake. Ukizima umeme Muyinga usiku, watu hawalali saa moja. Wanawasha mshumaa na kibatari, na vyandarua vimening'inia, na watoto wanapitapita. Moto ulioukimbia kilimani unaingia chumbani. Na umeme ukirudi kwa kishindo kwenye nyumba zenye nyaya za kuungaungwa, hapo napo kuna hatari. Sisi wa hosteli tusijisahau: soketi moja, waya wa kurefusha, simu sita, na jiko la umeme la kuchemshia chai juu yake. Anayepima hatari ya kuwasha bila kupima hatari ya kuzima amepima upande mmoja tu wa mizani.

Hapa Gitega tunao mfano unaouma. Alfajiri ya 7 Desemba 2021 gereza kuu la mji huu lilishika moto. Hesabu iliyotangazwa na Makamu wa Rais siku ileile ilikuwa watu 38 waliokufa na 69 waliojeruhiwa vibaya. Gereza lilijengwa kwa ajili ya watu 400, nalo lilikuwa na zaidi ya 1,500. Wizara ya mambo ya ndani ilisema chanzo ni hitilafu ya umeme. Agosti ya mwaka huohuo gereza hilo lilikuwa limeungua pia, na umeme ukatajwa. Mtu anaweza kusema: basi wangezima umeme baada ya moto wa Agosti. Sawa. Tungepata watu 1,500 katika nafasi ya watu 400, gizani, na mlango uleule. Mfungwa hana hata uhuru wa kutoka nje moto ukianza. Swichi ni jambo jepesi kuliko yote mahali kama hapo, na ndiyo maana huwa la kwanza kufikiriwa.

Nilimpelekea swali hili shangazi yangu, Muyinga. Ana friji moja, anauza mtindi na juisi. Nikamwambia: "Shangazi, wakizima kwa kuogopa moto, utawasamehe?"

"Wazime, mwanangu," akasema. "Lakini waniambie asubuhi. Nikijua, maziwa nayauza kabla ya alasiri, yanayobaki nawapa majirani. Wasiponiambia wananimwagia."

Hakusoma usul al-fiqh, lakini amegusa jambo ambalo wasomi tulilipita. Giza lililotangazwa na giza la ghafla ni vitu viwili mbele ya haki, hata kama saa zake ni zilezile. La kwanza linamwachia mtu nafasi ya kupanga: fundi wa kuchomelea anamaliza mlango wa mteja mapema, kituo cha afya kinahamisha chanjo kwenye masanduku ya barafu, mwenye mgonjwa wa oksijeni anajua aende wapi. Huyu wa mwisho simwingizi kabisa kwenye kaida ya kustahamili. Pumzi haistahamiliwi kwa niaba ya mtu. Kama hajapelekwa penye umeme, laini isizimwe.

Limebaki la mwisho, na ndilo lililoninyima usingizi zaidi. Katika nchi yetu karibu mtu mmoja tu kati ya 10 ana umeme nyumbani. Fikiria mkulima kwenye kilima kati ya Muyinga na Gitega. Nyaya zinapita juu ya shamba lake la maharage na haziteremki kwake. Jioni anawasha tochi ya sola au kibatari. Waya ukianguka kwenye nyasi, kinachoungua ni nyumba yake. Taa inayowaka ni yangu mimi, hosteli, Gitega. Yeye ana hatari bila faida, mimi nina faida bila hatari. California walioachwa gizani wengi wao walikuwa ndio haohao waliokuwa wakikingwa. Kwetu sivyo.

Kwa hiyo usiku wa upepo, kati ya mtihani wangu wa kesho na paa lake, mimi sina haki ya kusema umeme usizimwe. Nitasoma kwa tochi. Nikikataa, nitakuwa nadai mtu asiye na balbu hata moja ahatarishe watoto wake ili balbu yangu iwake. Wenzangu waliosema darsani kwamba "tumelipia umeme, ni haki yetu" wamesahau kuwa yeye hakulipwa kwa hatari anayolala nayo.

Lakini haki yake haiishii kwenye swichi. Njia ya laini huhitaji kufyekwa nyasi kabla ya kiangazi, na miti inayoelemea nyaya huhitaji kukatwa matawi. Ni kazi ya panga na jembe, ya mwezi wa Mei mvua zinapoisha, na watu wa kuifanya kwa ujira wanaishi palepale chini ya nyaya.