Deni Lililo Udongoni

Mtu akifa na kuacha shamba, ndugu zake hukusanyika wakagawa vinavyoonekana: mipaka, miti, mifugo na nyumba. Hakuna agawaye kisichoonekana. Walakini katika kila shamba mna urithi wa pili, usioandikwa katika hati wala kutajwa na wazee, nao umo chini ya ardhi. Nakuomba, msomaji kijana, tuulizane swali moja: Je, mtu aliyevuna shamba maisha yake yote ana deni kwa yule atakayelima baada yake, au mavuno yakishaingia ghalani hesabu imekwisha?

Kabla ya kujibu yatupasa kujua udongo ni kitu gani. Udongo si vumbi tupu. Katika kijiko kimoja cha udongo mzuri mna mamilioni kwa mamilioni ya bakteria, na pamoja nao kuvu zenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, na minyoo isiyoonekana kwa macho. Wako waozeshao majani yakawa rutuba. Wako waipatiao mizizi chakula. Na wako waishio kwa kuila mizizi yenyewe. Mmea wa namna moja ukirudiwa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka, adui zake hupata karamu isiyokatika, wakazaana hata wakawazidi rafiki zake.

Wakulima wa matufaha katika Ulaya na Marekani wanaujua sana msiba huu. Mtu hung'oa mitufaha mikongwe akapanda michanga pale pale. Miche hiyo hudumaa, mizizi yake huoza, na mingine hufa. Miche ya namna ile ile ikipandwa jirani, katika ardhi isiyopata kuwa na mitufaha, hustawi. Wataalamu walipoupasha moto udongo mgonjwa hata walio hai ndani yake wakafa, miche ilikua vizuri. Hii ni dalili kwamba sababu kubwa si upungufu wa mbolea, bali ni wingi wa maadui walioachwa na mti uliotangulia. Katika jimbo la Washington, huko Marekani, imeonekana kwamba kulima ngano kwanza, au kuchanganya udongo na unga wa mbegu za haradali, huweza kuigeuza jamii hiyo ya chini, na miche ikapata nafuu.

Sasa tuje Sori, katika ghuba ya Karungu, pembeni mwa Ziwa Victoria. Hapa si nchi ya mitufaha. Ni nchi ya mahindi, mtama na mihogo. Lakini sheria ile ile inatawala, ijapokuwa adui ni mwingine. Katika nchi za pembezoni mwa ziwa hili limeenea gugu ambalo Waluo huliita kayongo, na kwa Kiswahili kiduha. Maua yake ni mazuri, ya rangi ya waridi na zambarau. Kazi yake ni wizi. Mizizi yake huishika mizizi ya mahindi au mtama ikanyonya maji na chakula, hata mmea ukanyauka kama uliokosa mvua. Kiduha kimoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, nazo zaweza kungoja udongoni zaidi ya miaka kumi. Yapandwapo mahindi kila msimu bila kupumzika, ghala hiyo ya mbegu huongezeka.

Je, mbegu hizo hujuaje wakati wa kuamka? Mzizi wa mahindi hutoa dawa fulani udongoni. Dawa ya jamii hiyo ilipatikana kwanza katika mizizi ya pamba mwaka 1966, ikajulikana kuwa huamsha mbegu za gugu hilo. Mwaka 2005 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba dawa za jamii hiyo hiyo huziita kuvu njema, zile ziletazo fosforasi kwenye mizizi. Basi ni sauti ya mwenye njaa aombaye msaada, na rafiki na mwizi huisikia pamoja. Tena, udongo ukipungukiwa na fosforasi, mzizi huzidisha kuita. Kwa hiyo mwenye kuichosha ardhi humtia mrithi wake hasara mbili: humpunguzia chakula, kisha humfungulia mwizi mlango.

Atasema mtu: "Mwenye ekari moja na watoto sita hawezi kulaza shamba. Mnamfundisha haki ya kesho, na leo hana unga." Hoja hii ina uzito, wala haifai kuibeza. Ni rahisi kwa aliyeshiba kumhukumu mwenye njaa. Kumlisha mtoto aliyekwisha kuzaliwa ni wajibu ulio mbele ya macho. Lakini yatupasa kutofautisha kulazimika na kutojali. Mtu asiye na njia nyingine hana lawama; mwenye njia akaiacha kwa uvivu analo fungu lake. Na sisi tulao mahindi ya shamba lile, bila kushika jembe, tunalo fungu letu pia katika kuitafuta njia hiyo.

Njia hiyo imetafutwa, tena si mbali. Mbita, katika Homa Bay, pana kituo cha shirika la utafiti wa wadudu, ICIPE, lililoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa shirika hilo, pamoja na wenzao wa Kenya na Uingereza, wamefundisha kilimo cha sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na majani ya nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, na nepia huwavuta nje. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kiduha kisha huzizuia zisiushike mzizi wa mahindi, zikafa bure. Mmea huo pia huongeza naitrojeni udongoni, na ng'ombe huula. Mbegu yake yahitaji fedha, na palizi ya mwanzo yahitaji uvumilivu. Lakini hapa mwenye kulipa deni hupata riziki katika kulipa kwake.

Basi jibu langu ni hili: deni lipo. Mkopeshaji wake hajazaliwa, hana ulimi wa kudai wala baraza la kushitaki, na sisi hatutakuwapo atakapoona hasara. Kosa la namna hii ndilo liupimalo utu wetu, kwani hapana wa kutuaibisha ila dhamiri. Kijana, utakapopewa shamba, usiulize mipaka tu. Uliza pia kilipandwa nini hapo, na kwa miaka mingapi. Ukikuta kiduha, king'oe kabla hakijatoa mbegu. Kisha pokezana mimea, ukilima ukijua kwamba mwingine atauliza swali hilo hilo baada yako.