Je, Mtoto Anayenyamaza Ni Mtoto Mwenye Utii?



Wazazi wengi hutusifia watoto wao kwa neno hili: "Huyu hana makelele, hasemi kitu." Nasi hujibu: "Mungu asifiwe." Lakini tumeanza kujiuliza: mtoto wa miaka minne akinyamaza, ni utii ao ni woga?

Tunaleta kosa letu wenyewe. Siku moja ya Mungu, katika mafundisho ya watoto, tulimwambia msichana mdogo aombe. Akafumba macho, akaanza kwa Kisanga, namna nkambo wake alivyomfundisha jioni karibu na mbabula. Watoto wengine wakacheka. Sisi hatukuwakataza waliocheka, tulimkatisha yeye, tukasema: "Omba kwa Kiswahili kizuri, wote tusikie." Hakuomba tena. Tangu siku ile, akisikia tu jina lake anajificha katika kikwembe cha mama yake.

Tulifanya vile kwa nia njema. Hata mwalimu aliyemvika mtoto alama shingoni kwa sababu alisema lugha ya nyumbani masomoni, alidhani anamsaidia. (Wengine wetu tuliivaa ile alama. Ilikuwa kipande cha ubao tu, lakini uzito wake tungali tunaukumbuka.) Na Kifaransa kinahitajiwa, hatukatai: barua za kazi, mitihani ya serikali, ni Kifaransa. Mzazi anayekitaka kwa mtoto wake hana kosa. Kosa ni kumfundisha mtoto kwamba maneno ya nkambo wake ni kitu cha haya. Mtoto mdogo hajui kutenga mambo: akionea haya lugha, atamwonea haya na yule aliyempa lugha ile, na hata maombi aliyoyapokea kwayo.

Nasi wa Kanisa hili tunasahau upesi. Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi kule Nkamba, tarehe 6 Aprili 1921, watu walihubiriwa kwa Kikongo, lugha ya nyumba zao. Kwa kazi ile alifungwa miaka 30, akafa huku kwetu Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Hata serikali, katika sheria ya elimu ya 2014, imekubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Sisi je, tutabaki nyuma ya serikali?

Kuhani Eli alimrudisha Samweli mara mbili akalale, kabla ya kutambua kwamba mtoto amesikia Sauti ambayo yeye mzee hakuisikia. Sisi mashemasi tumewarudisha wangapi?

Tulikwenda kwa nkambo wa yule msichana kuomba rehema. Alicheka, akasema tumekawia. Sasa anakuja kila Siku ya Mungu, anaketi mkekani pamoja na watoto, na mjukuu wake anaketi karibu naye. Bado hajaomba kwa sauti. Hatumlazimishi.