Nani Alituuliza?

Marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawapigi kura. Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unasema Mkutano wao wa Wakuu huamua kwa maafikiano: wote wakubali, au jambo lisimame. Leo nchi ni nane, kuanzia Somalia hadi Kongo. Mmoja akikataa, saba wamekwama.

Ukisikia hivyo, unaona ni kitu cha kwetu kabisa. Wazee chini ya mti, maneno yanazungushwa mpaka kila mtu aridhike. Mimi ni wa Masara, Kaunti ya Migori, na vikao vya aina hiyo navijua: mpaka wa shamba, ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani. Vinamaliza siku nzima, na mara nyingi vinafaulu. Lakini vinafaulu kwa sababu mwenye shamba yupo, mwenye ng'ombe yupo, na kesho watakutana sokoni. Waondoe hao wawili, ubakishe wazee peke yao, na hayo si maafikiano tena. Ni wazee tu wameelewana.

Basi swali langu ni hili: makubaliano yanamfunga nani? Aliyekuwa kikaoni, au hata yule ambaye hakuitwa?

Kwetu hili si swali la darasani. Mstari unaotutenga na Tanzania ulikubaliwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886. Dholuo kinazungumzwa Migori na pia ng'ambo, Rorya. Wakuria wako Isebania na wako Tarime. Jumuiya ya kwanza, ile ya 1967, ilikuwa na chombo cha juu cha marais watatu. Amin alipompindua Obote mwaka 1971, Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na marais hao hawakukutana tena. Nyerere alikuwa na sababu zake, na historia imempa haki. Hata hivyo, Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa mpaka 1983. Miaka sita, shangazi yuko upande ule na wewe uko huku, na hakuna kati yenu aliyegombana na mwenzake.

Jumuiya ya sasa iliahidi kutorudia hayo. Mkataba wenyewe unasema ushirikiano huu utamweka mwananchi katikati. Tangu Julai 2010 tuna Soko la Pamoja, yaani watu, bidhaa na huduma vipite. Halafu Julai 2025 Tanzania ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo saluni, kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, kununua mazao shambani na uchimbaji mdogo wa madini. Kwa mtu wa Masara, ambako vijana wanashuka shimoni kutafuta dhahabu, hiyo ya mwisho inagusa moja kwa moja.

Lakini tusimrukie Mtanzania. Kijana wa Kariakoo aliyelia kwamba wageni wamemaliza biashara ndogo alikuwa na hoja, na serikali yake ilimsikia. Shida ni kwamba hakukuwa na mahali ambapo yeye na kijana wa Masara wangesikika pamoja. Bunge la Afrika Mashariki lipo, wabunge tisa kwa kila nchi, lakini hatuwachagui sisi. Wanachaguliwa na mabunge ya kitaifa. Hebu uliza watu kumi kwenye matatu wakutajie hata mmoja wa Kenya.

Na ukipata mahali pa kulalamika, angalia kinachofuata. Mwaka 2006, Anyang' Nyong'o na wenzake walienda Mahakama ya Afrika Mashariki wakisema Kenya haikuwachagua wabunge wake wa Arusha ipasavyo, imewateua tu. Novemba mahakama ikazuia wasiapishwe. Kabla mwezi haujaisha, marais walikutana wakaagiza Mkataba urekebishwe. Desemba ulikuwa umerekebishwa: mahakama ikapewa ngazi mbili, na sababu za kumwondoa jaji zikaongezwa. Machi 2007 mahakama iliamua kwamba walalamikaji walikuwa na haki. Mwaka uliofuata ikasema pia kwamba kurekebisha Mkataba bila kuwashirikisha wananchi kulikiuka Mkataba huo huo. Ila marekebisho iliyaacha yabaki.

Kwa hiyo mambo ya mwaka mzima yanakwama kwa kukosa maafikiano, lakini siku marais wanapoguswa wenyewe, yanapatikana ndani ya wiki chache.

Nikisema hivi, rafiki yangu mmoja hunijibu: sasa unataka kura ya wengi? Burundi imezwe na Kongo? Ana hoja. Nchi ndogo inahitaji kinga, na haki ya kukataa ni kinga. Hiyo sitaki iondolewe. Ila kinga ya nchi isigeuke kuwa kinga ya rais dhidi ya watu wake. Ulaya nao mambo mazito huamua kwa kauli moja, lakini tangu 1979 raia wao wanapiga kura wenyewe kuchagua Bunge la Ulaya. Vitu hivyo viwili vinaweza kukaa nyumba moja.

Mimi naamini makubaliano humfunga mtu aliyekuwa na nafasi ya kusema hapana. Wabunge wa Arusha tuwapigie kura siku ile ile tunapomchagua MCA. Mkataba usiguswe kabla maswali hayajaletwa barazani, Masara na Rorya, kwa lugha ambayo watu wanaelewa. Huenda tutakataa mambo mazuri. Huenda tutachelewesha. Lakini siku mpaka utakapofungwa tena, angalau tutajua ni nani kati yetu aliyesema ufungwe, na tutakuwa na mtu wa kumuuliza.