Sisi Ni Nani Siku ya Jumatatu?

Somo la wiki: Matendo 2:1–11; Matendo 6:1–7; Wagalatia 6:10

Wiki hii nataka tukae na swali moja tu: kanisa linajulikana kwa nini? Siulizi juu ya cheti cha usajili ama bango la pale barabarani. Nauliza juu ya fundi wa pikipiki, mama anayeuza matunda stejini, na jirani ambaye hajawahi kukanyaga ndani ya kanisa letu. Ukimuuliza, "Wale ni watu gani?" atakujibu nini? Wengine watasema tu, "Ni wale wa spika." Spika si dhambi, na kesha lazima liendelee. Lakini kama sauti ya spika ndiyo kitu pekee kinachotoka kwetu kikamfikia jirani, hapo tuna jambo la kufikiria.

Swali hili linatubana sisi wa Malili kuliko zamani. Tuko karibu kilomita 60 kutoka Nairobi, kwenye barabara ya Mombasa, mahali ambapo Makueni, Machakos na Kajiado zinakaribiana. Mwaka 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili kwa ajili ya mji wa Konza, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akazindua kazi hiyo. Mji umejengwa polepole, lakini watu wamekuja. Kuna vibarua, walinzi, madereva, walimu, wafanyabiashara, vijana wa kompyuta. Zamani ukimuuliza mtu "wewe ni wa nani?" alikutajia baba yake na ukoo wake, ukamjua. Leo jirani wa ploti ni Mluhya, wa mlango wa pili ni Mkisii, na ukame ukizidi Wamaasai wanapita na ng'ombe wao wakitafuta majani. Sasa kanisa ni la nani?

Kati yetu nasikia majibu mawili. Wengine wanasema, "Tulinde mafundisho. Tumeokoka, tumebatizwa kwa maji mengi, tunaamini ujazo wa Roho Mtakatifu. Tukianza kuchanganyikana na kila mtu, tutapotea." Wengine wanasema, "Watu wana kiu na njaa. Tuwasaidie kwanza, mafundisho yatakuja baadaye." Sitaki kumcheka yeyote. Wa kwanza anaogopa chumvi kupoteza ladha. Wa pili anaogopa chumvi kubaki kwenye mkebe.

Na tusijifanye hatujui nyakati tulizo nazo. Tangu mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa Shakahola kule Kilifi, jirani ana haki ya kutuuliza tunafanya nini humo ndani. Hiyo si vita dhidi ya injili. Ni mzazi anayetaka kujua mtoto wake yuko salama. Kanisa ambalo jirani haliwezi kulisoma, atalijaza maana yake mwenyewe.

Jina letu lilitoka wapi?

Sisi tunaitwa Wapentekoste. Hebu turudi kwenye siku iliyotupa jina hilo. Roho aliposhuka, watu wa Parthia, Misri, Libya, Rumi, Krete na Arabuni walisikia matendo makuu ya Mungu, kila mmoja kwa lugha yake. Angalia vizuri: Mungu hakuwalazimisha wageni wote wajifunze Kigalilaya kwanza ndipo wasikie. Muujiza ulivuka ukawafuata pale walipokuwa. Kwa hiyo mtu akisema tufunge mlango ili tubaki Wapentekoste wa kweli, namuuliza kwa upole: Pentekoste gani hiyo? Siku tuliyopata utambulisho wetu ndiyo siku mgeni alisikia. Vitu hivyo viwili vilizaliwa pamoja.

Hata uamsho wa Azusa Street, Los Angeles, mwaka 1906, ulianza hivyo. William Seymour, Mwafrika wa Marekani ambaye wazazi wake walikuwa watumwa, aliongoza ibada ambamo weusi, weupe na Walatino walipiga magoti pamoja, wakati nchi yao ilikuwa inawatenganisha. Haikupita miaka mingi, makundi yakagawanyika, na rangi ya ngozi ikawa moja ya mipaka. Lugha mpya zilibaki midomoni, lakini benchi zikatengana. Hilo ni onyo kwetu.

Na hapa Ukambani? Willis Hotchkiss alikuwa katika kundi la kwanza la Africa Inland Mission, lile lililofika Nzaui mwaka 1895 likiongozwa na Peter Cameron Scott. Hotchkiss alisimulia kwamba kwa zaidi ya miaka miwili alitafuta neno la Kikamba la "kuokoa" asilipate. Alilisikia usiku mmoja, watu wakiota moto na kuongea juu ya mtu aliyenusuriwa kutoka kwa mnyama mkali. Yaani mhubiri alikuja na habari ya Mwokozi, lakini neno la kuitangaza lilikuwa kinywani mwa jirani, kwenye mazungumzo ya kawaida. Asingekaa kwenye ule moto, asingelipata.

Je, "hasa" ni sawa na "pekee"?

Najua mtu atafungua Wagalatia 6:10. Pale Paulo anatuambia tuwatendee wema watu wote, na hasa wale wa nyumba ya imani. Neno hilo "hasa" limefunga milango mingi. Tulipime kwa mfano.

Tuseme kanisa lina tangi la lita 10,000. Hiyo ni mitungi 500 ya lita 20. Mvua ya Oktoba hadi Desemba imekataa, na sote tunakumbuka jinsi misimu mitano ilivyokataa mfululizo kuanzia mwisho wa 2020. Washirika ni nyumba 100. Tukigawana sisi kwa sisi, kila nyumba inapata mitungi mitano. Tukiwaita majirani, tunakuwa nyumba 250, na kila moja inapata miwili. Hapa utambulisho si maneno tena. Ni mitungi mitatu inayotoka kwako ikaenda kwa mtu asiyetoa zaka.

Paulo anasema nini hapo? Mimi naona hivi. "Hasa" inatukataza kumhubiria mgeni huku mjane wetu analala na kiu. Itakuwa aibu. Lakini neno hilo halifuti "wote" lililotangulia. Kwa hiyo kwanza tuhakikishe mgonjwa na mjane wa kanisa hawajasahaulika, wapelekewe hata nyumbani. Baada ya hapo foleni iwe moja, na mtu asiulizwe anaabudu wapi. Kwani katika mwethya huwa tunaulizana makanisa? Babu zetu walilima shamba la jirani kwa sababu ni jirani. Haiwezekani kuokoka kutupunguzie utu tuliokuwa nao kabla hatujaokoka.

"Lakini mchungaji, tutakuwa shirika la misaada!" Nalisikia hilo, na lina uzito. Kanisa likigawa maji lisimtaje Yesu, limemnyima mtu kilicho bora. Tazama Luka 17. Wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja, naye alikuwa Msamaria. Bwana aliuliza wale tisa wako wapi, maana shukrani na ibada zilikuwa na maana kwake. Lakini hakuwarudishia ukoma. Alitoa bila kuweka mtego, na bado aliuliza. Sisi pia tutoe hivyo. Tumtaje Yesu kwa sauti, na maji yasiwe chambo.

Nani ashike ufunguo?

Kuna jambo moja katika Matendo 6 ambalo tunalipita haraka. Ugomvi wa kwanza wa kanisa haukuwa juu ya mafundisho. Ulikuwa juu ya chakula na lugha. Wajane waliosema Kiyunani walikuwa wanarukwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakusema, "Nyamazeni, nyinyi ni wageni." Walisema wachaguliwe watu saba. Sasa soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani! Kanisa lilionyesha imani kwa kuwapa usimamizi watu waliofanana na wale waliolalamika. Na matokeo? Mstari wa 7 unasema neno likaenea na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka. Baadaye Filipo, mmoja wa hao saba, ndiye aliyefungua Samaria.

Hapo ndipo mimi ninapoliona jibu la swali letu la lugha. Tukihubiri kwa Kikamba tu, kijana wa Kisii anakaa nje ya mahubiri hata akiwa ameketi ndani. Tukihubiri Kiswahili na Kiingereza tu, susu aliyeombea kiwanja hiki anakuwa mgeni katika nyumba yake. Tutafsiri, hata ibada ikirefuka. Na zaidi ya tafsiri, mgeni aingie kwenye kamati. Mtu unayemkaribisha kila Jumapili lakini humpi kazi wala ufunguo, bado hujamkaribisha.

Basi, nani hufanya kanisa liwe kanisa? Ni Kristo aliyetununua. Hilo halibadilishwi na mji wa Konza, wala na lugha, wala na foleni ndefu ya mitungi. Kwa sababu sisi ni wake, hatuna haja ya kujilinda kwa kumfungia jirani. Mtu anayejua nyumba yake ni ya nani haogopi kufungua mlango.

Wiki hii, katika ushirika wa nyumbani, jibuni haya matatu. Nani katika kanisa letu amesahaulika? Ni jirani gani tusiyejua hata jina lake? Na ni kazi gani tunaweza kumpa mtu aliyekuja juzi?

Tuombe: Bwana, ulitufikia tukiwa mbali, kwa lugha tuliyoielewa. Utupe moyo wa kuketi kwenye moto wa jirani, tumsikilize kabla hatujamhubiria. Mjane wetu asisahaulike, na mpita njia asigeuzwe langoni. Malili ijue sisi ni wako, hata siku ya Jumatatu. Katika jina la Yesu, amina.