Ahadi za Uchaguzi na Shaka ya Kijana

Uchaguzi ukisha, kijana aliyepiga kura huuliza: Je, nina kosa nikikataa kumsadiki tena mtu yeyote asimamaye jukwaani? Swali hili si la kuchekwa, wala halijibiwi kwa karipio. Ameahidiwa, akangoja, kisha akaona kwa macho yake.

Natuangalie kwanza ahadi ni kitu gani. Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Wanavyuoni wengi wa sharia wamesema kuitimiza ni wema mkubwa, lakini kadhi hamlazimishi mtu kwayo. Ama wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Malik, kauli yao mashuhuri ni kwamba aliyeahidiwa akiwa ameingia katika gharama kwa sababu ya ahadi ile, basi yamlazimu aliyeitoa. Ukiambiwa, "Bomoa nyumba yako, nami nitakukopesha fedha ya kujenga," nawe ukabomoa, hawezi mtu huyo kukwambia baadaye kwamba alikuwa akisema tu.

Basi mpiga kura naye amekwisha kubomoa. Kura yake ameitoa, wala hairudi mkononi mwake mpaka ipite miaka 5. Kwa hivyo ahadi ya uchaguzi si maneno ya barazani. Ni dhima shingoni mwa aliyeitoa.

Lakini ina jambo jingine lisilokuwamo katika ahadi ya rafiki kwa rafiki, nalo ni kuwa mwenye kuahidi hatoi mfukoni mwake. Mfano ulio karibu nasi ni wa Kenya. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, muungano wa Kenya Kwanza uliahidi nyumba 250,000 kila mwaka. Uliposhika serikali, sheria ya fedha ya mwaka 2023 iliamuru mwenye mshahara akatwe asilimia 1.5, na mwajiri wake atoe kiasi kama hicho, ili nyumba zijengwe. Mahakama Kuu ikaubatilisha mkato huo Novemba 2023. Ukarejeshwa kwa sheria mpya ya Machi 2024. Hatusemi kwamba hapana nyumba iliyojengwa, zimejengwa. Twasema kwamba aliyeishangilia zawadi alikuja kuona kuwa mlipaji ni yeye mwenyewe.

Sasa turejee kwenye shaka. Shaka ni namna mbili. Ya kwanza ni ya mfanya biashara, apimaye kabla ya kupokea, kisha akaandika daftarini. Ya pili ni ya aliyekata tamaa, asemaye, "Wote ni wamoja," akalala. Ile ya kwanza ni akili. Hii ya pili ni sadaka kwa mwongo, kwani mdaiwa hapendi kitu kama mdai aliyechoka kudai. Mwaka 2022 vijana wa Kenya walioandikishwa kupiga kura walipungua kuliko mwaka 2017. Je, ahadi za uwongo nazo zilipungua?

Tena tazama mwaka 2024. Vijana waliusoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu, wakawaeleza wenzao, wakatoka kuupinga. Na tarehe 26 Juni Rais William Ruto akatangaza kuwa hatautia sahihi. Roho za watu zilipotea katika maandamano yale, na haifai kuzisahau. Lakini ilidhihiri kwamba shaka yenye kusoma ina nguvu ambayo shaka yenye kulala haina.

Ewe kijana, usiitupe shaka yako, ipe kazi. Mtu akikuahidi, muulize mambo 3: kwa fedha ya nani, kwa sheria gani, na mpaka lini? Andika jibu lake na tarehe, na muhula ukifika mpelekee hesabu. Na ukiwa umepokea shilingi zake ili umpe kura, jua kwamba umeiuza hati ya deni kabla ya kudai, wala hutakuwa na uso wa kumwendea.

Kutimiza ni juu yake aliyeahidi. Kudai ni juu yako. Akiacha lake, wewe usiache lako.